Boksi lilifika siku mbili baada ya maziko. Kwa nini dawa hii haikuwepo kwetu?

Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina swali nililolibeba tangu Julai 2022. Naomba mwenye ujuzi wa dawa anijibu ukweli, asinionee huruma.

Mamangu alikuwa na miaka 71, ana kisukari na presha. Chanjo alidungwa zote mbili. Wiki ile ya Idi ya kuchinja, siku ya Jumanne, alianza kusema mwili unamuuma na koo linamkereketa. Tukadhani ni uchovu, maana alikuwa hatulii, mara sokoni, mara jikoni. Jumatano nikaenda kwa kemisti, nikapewa azithromisini, vitamini C na dawa ya homa. Siku ya Idi hakuweza kuinuka. Jumapili nikampeleka hospitali akapimwa, wakasema ni Korona na oksijeni imeshashuka. Ijumaa iliyofuata tulimswalia baada ya swala ya Ijumaa, tukamzika.

Kakangu anaishi Minnesota. Mwezi mmoja kabla ya hapo, yeye na mkewe waliugua Korona hiyo hiyo. Walijipima nyumbani kwa vipimo walivyoletewa na posta bure, wakaenda duka la dawa, kila mmoja akatoka na boksi la Paxlovid, vidonge vya kutibu Korona, bila kulipa senti. Kakangu alimeza siku tano, akarudi kazini. Mkewe hakulifungua lake, kwa kuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na daktari wake akampigia simu kumkataza. Basi nilipowaeleza hali ya mama, wakalitia boksi lile kwenye mkoba wa abiria aliyekuwa akija Mombasa. Lilifika Jumapili. Mama alikuwa kaburini tangu Ijumaa.

Boksi liko kabatini mpaka leo, halijafunguliwa. Kila nikitafuta shati naliona.

Nataka kujua: dawa hii ilikuwepo Kenya wakati ule nami sikuitafuta vizuri? Ningekuwa nayo, mama angeishi? Na boksi lenyewe nilifanye nini, kuna mtu linaweza kumfaa?

Bi Mkubwa wa Tanga

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole sana mwanangu.

Mimi ndiyo kwanza nasikia leo kwamba kulikuwa na vidonge vya kumezea nyumbani. Mume wangu alipougua mwanzoni mwa 2021 tulimfukiza nyungu, tukampa tangawizi na malimao, na hekaheka yetu yote ilikuwa ni mtungi wa oksijeni. Tulizunguka na gari la jirani usiku kucha. Chanjo kwetu ilianza mwisho wa Julai mwaka ule, yeye alikuwa ameshatangulia. Mtaalamu akija kukujibu, ajue na sisi wa huku tunasoma.

Dirisha la Dawa (Siaya)

Kaka, pole. Na wewe mama wa Tanga, pole. Mimi nimekaa kwenye dirisha la kutolea dawa, kliniki ya VVU, tangu 2006. Umeomba ukweli, kwa hiyo naanza na tarehe, kwa sababu kwa dawa hii tarehe ndizo zinazosema.

Paxlovid iliidhinishwa kwa dharura Marekani tarehe 22 Desemba 2021. Lakini mwezi mmoja kabla ya idhini hiyo, serikali yao ilikuwa imeshaagiza dozi milioni 10 kwa dola bilioni 5.29, yaani karibu dola 530 kwa mgonjwa mmoja. Januari 2022 wakaongeza milioni 10 nyingine. Kiwanda ndiyo kwanza kinaanza kutoa tembe, na zile za mwanzo zimeshapata mwenyewe. Nchi nyingine tajiri zikapanga foleni nyuma yao. Sisi hata kwenye foleni hatukuwemo.

Utaambiwa kwamba leseni ilitolewa. Ni kweli. Tarehe 16 Novemba 2021 Pfizer, kampuni yenye dawa hii, walitia saini na shirika la Medicines Patent Pool, kwamba viwanda vingine vitengeneze dawa hiyo na kuziuzia nchi 95, Kenya ikiwemo. Nilipoisoma habari ile nilimwonyesha mwenzangu kazini kwa furaha. Lakini leseni ni ruhusa ya kuwasha jiko, chakula bado hakijaiva. Kampuni 35 zilichaguliwa Machi 2022, katika nchi 12, na hakuna hata moja ya Afrika. Kila moja ikaanza kujifunza kutengeneza, kuthibitisha kwamba tembe yake inafanya kazi sawa na ya mwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kisha kukaguliwa. Ya kwanza kupitishwa na Shirika la Afya Duniani, ya kampuni ya Hetero ya India, ilipita Desemba 2022. Mamako alifariki Julai.

Bei pia ilitangazwa kushuka. Mei 2022 kulikuwa na makubaliano ya dawa hiyo ya jenerika, ile ya viwanda vyenye leseni, kuuzwa dola 25 au chini. Bei nzuri kabisa! Ila Julai hiyo ungeingia na dola 25 zako mkononi kwa kemisti yeyote wa Mombasa, ungetoka nazo.

Na kuna jambo moja ambalo mpaka leo likinijia usiku silali vizuri. Tarehe 17 Juni 2022, wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kulegeza masharti ya hataza kwa chanjo za Korona. Kwa chanjo peke yake. Dawa na vipimo wakaviweka kando, wakasema wataviamua ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, na mwanzoni mwa 2024 mazungumzo yakaisha bila makubaliano. Hesabu mwenyewe: tarehe 17 Juni, na mamako akaanza kuugua chini ya wiki tatu baadaye.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: hukukosea kutafuta. Septemba 2022 ndipo ulipotangazwa mpango wa dozi 100,000 za msaada kugawiwa nchi kumi, Kenya ikiwa mojawapo. Laki moja kwa nchi kumi, na milioni 20 kwa nchi moja. Katika kituo changu, mwaka mzima wa 2022 sikuona boksi hata moja.

Sasa niseme lililoniuma zaidi mimi mtu wa dirishani. Kwenye boksi lako kuna tembe za aina mbili. Za waridi ni nirmatrelviri, ndiyo inayomzuia kirusi asizaliane. Nyeupe ni ritonaviri. Kazi ya ritonaviri hapo ni kulizuia ini lisiivunje nirmatrelviri haraka, ili ikae mwilini muda wa kutosha. Ritonaviri mimi naijua kama jirani! Tunaitoa pamoja na lopinaviri, tunaitoa pamoja na atazanaviri, kwa sababu ile ile. Najua inagombana na dawa zipi: rifampisini ya kifua kikuu, simvastatini ya mafuta, dawa za mapigo ya moyo, hiyo ya shemeji yako ya damu. Wauguzi wetu wanajua. Tuna faili za wagonjwa, tuna wahamasishaji wa kijijini wenye namba za simu za kila nyumba, tunapima mtu asubuhi na anaondoka na dawa siku hiyo hiyo. Dawa mpya inayotaka kupima haraka na kutoa haraka ilizaliwa, na nyumba ya kuikaribisha tulikuwa tumeshaijenga kwa miaka kumi na tano. Kwenye mkutano mmoja mwaka 2022 niliinua mkono nikauliza: zikija, tunaweza kuzipitishia kliniki za VVU? Niliambiwa tusubiri mwongozo. Niliendelea kusubiri mpaka watu wakaacha kuizungumzia Korona.

Nyumba hiyo nayo usidhani ilijengwa kirahisi. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2000 dawa za VVU zilikuwa dola 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Mwalimu! Februari 2001 Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Aprili, kampuni 39 za dawa zikaondoa kesi zilizoifungulia serikali ya Afrika Kusini kule Pretoria. Bunge letu likapitisha sheria ya hakimiliki za viwanda mwaka huo huo, iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Tulisikia yote hayo redioni, kaka akiwa amelala pale sebuleni. Alifariki 2002. Bei ilikuwa imeshuka Mumbai, kwetu kijijini ilikuwa haijafika. Mimi nilipewa dirisha hili 2006, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwalimu aliyefundisha naye.

Ndiyo maana mtu akiniambia tatizo lilikuwa bei, namwambia bei ni mlango wa kwanza tu.

Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Dada, nimesoma mara tatu. Asante. Nimemsomea na babangu, amenyamaza muda mrefu kisha akasema "basi hatukuzembea."

Nakumbuka mwaka 2021 kulikuwa na habari ya dawa za Ukimwi kukwama hapa bandarini kwetu. Rafiki yangu anafanya kazi ya kupakua makonteina. Hiyo ilikuwa ni kisa kingine, au ndiyo hayo hayo?

Na hujanijibu la pili.

Dirisha la Dawa (Siaya)

La pili sikulisahau, nimeliogopa. Nitalijibu.

La bandarini kwanza. Shehena ya ARV, yaani dawa za VVU, za msaada kutoka Marekani ilifika Mombasa Januari 2021, ikakaa huko miezi. Kulikuwa na mvutano wa kodi, na mvutano wa nani akabidhiwe kuzisambaza. Wakati ule ule Korona imefunga barabara na watu wanaogopa hospitali. Kaka, dawa ilikuwa nchini, ndani ya mipaka yetu, kwenye makonteina, na mimi dirishani nakata kopo. Aliyezoea kuchukua ya miezi mitatu nampa ya mwezi mmoja. Baadaye wiki mbili. Mama mmoja alikuwa akitoka ng'ambo ya mto kwa boda, nauli mia tatu kwenda na kurudi. Nilipomhesabia tembe kumi na nne alizitazama, akanitazama, akasema, "Binti yangu, sasa nichague nauli au unga?" Sharubati ya watoto wachanga ndiyo ilinitesa zaidi. Kwa mtu mzima unaweza kubadilisha mchanganyiko. Mtoto wa siku tatu, aliyezaliwa na mama mwenye VVU, anahitaji nevirapini ya maji leo, sio Alhamisi ijayo. Nilikuwa napiga simu vituo vya jirani naomba chupa moja moja kama mtu anayeomba chumvi.

Nimekueleza hili ili ujue nikisema "upungufu" namaanisha nini. Si lazima rafu iwe tupu. Ni dawa kuwa mahali ambapo mgonjwa hayupo, au kufika siku ambayo haimfai tena.

Muuguzi wa Kindu

Jambo ndugu zangu. Mimi ni muuguzi huku Maniema, Kongo. Ndugu wa Mombasa, pole kwa mama.

Napenda kuongeza kitu kutoka kwetu, kwa sababu siye tuliona upande mwingine. Ugonjwa wa mpox ulipokuwa unaua watoto huku, dawa tekovirimati ilikuwa ikitumika Ulaya na Marekani tangu 2022, siye hatuna. Tulikuwa tunasema: wangetuletea ile, watoto wangepona. Kisha ukafanywa utafiti huku huku Kongo, Tunda katika mkoa wetu wa Maniema na Kole kule Sankuru, wagonjwa 597. Nusu walipewa dawa, nusu tembe tupu. Agosti 2024 majibu yakatoka: vidonda havikupona haraka zaidi kwa waliopata dawa.

Lakini sikilizeni hili. Katika makundi yote mawili walikufa asilimia 1.7, wakati nchini kwa jumla walikuwa wanakufa asilimia 3.6 au zaidi. Kwa nini? Wale wote walilazwa siku zisizopungua 14, walipewa chakula, maji, vidonda vilitunzwa, wenye maambukizi mengine walitibiwa. Hiyo tu. Mtoto wa nje ya utafiti anabebwa mgongoni siku mbili msituni, akifika mama yake hana hata mihogo ya kumpikia pale hospitalini.

Sisemi dawa si kitu. Nasema ndugu yangu usiliweke boksi lile juu ya kila kitu. Kitanda mapema, oksijeni mapema, na hivyo pia tulinyimwa.

Dirisha la Dawa (Siaya)

Muuguzi, asante sana. Umenisaidia kusema nilichokuwa nakitafutia maneno.

Kaka, sasa la mama. Utafiti ulioipa Paxlovid sifa ulionyesha kwamba waliomeza ndani ya siku tatu za dalili walipungukiwa na hatari ya kulazwa au kufa kwa asilimia 89. Huenda hiyo ndiyo namba kakako aliisikia. Lakini watu wale hawakuwa wamechanjwa. Mamako alichanjwa. Utafiti wa baadaye, uliochukua watu waliochanjwa pamoja na wasio na hatari kubwa, haukuonyesha kwamba dalili ziliisha mapema zaidi. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye kisukari na presha mimi ningempa, tena haraka, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeipendekeza kwa nguvu kwa watu wa aina yake tangu Aprili 22 mwaka ule. Ila hakuna anayeweza kukuapia kwamba angeishi. Mimi siwezi. Angekuwa na nafasi nzuri zaidi, na nafasi hiyo hakupewa. Ndiyo kweli ninayoijua.

Na kuna hesabu ya siku. Dawa hii huanzwa ndani ya siku tano tangu dalili ya kwanza. Alianza Jumanne. Jumapili alipopimwa ilikuwa siku ya sita. Hata kama boksi lingekuwa kwenye kabati la hospitali ile, saa ilikuwa imeshapita. Boksi halikuchelewa kwa zile siku mbili unazozihesabu wewe, Ijumaa hadi Jumapili. Lilichelewa siku ile ya Jumatano, uliposimama kwa kemisti na hakuna mtu aliyekuwa na kipimo cha kukupa. Na hilo si kosa lako. Ulienda mapema. Ulifanya alichofanya kakako, siku ile ile ambayo kakako angefanya. Yeye alikuwa na kipimo mezani, wewe hukuwa nacho.

Hapa ndipo ningependa watu wetu wapige kelele. Vipimo vya kujipima VVU vinauzwa kwa kemisti hapa Kenya tangu 2017. Mtu ananunua, anajipima chumbani kwake. Tunajua kufanya hivyo. Gonjwa jingine likija, kipimo na dawa vitoke pamoja, kwenye dirisha moja, na muuguzi aruhusiwe kutoa bila kumsubiri daktari aliye mji mwingine. Na viwanda vyetu viwe ndani ya leseni tangu siku ya kwanza. Ile dawa nyingine ya Korona, molnupiraviri, leseni zake za Januari 2022 zilifika mpaka kwa viwanda vya Kenya, Afrika Kusini na Misri, kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Bahati mbaya hiyo ndiyo ilikuwa dhaifu ya zile mbili.

La tatu, boksi. Usimpe mtu, tafadhali. Limeshapita muda wake, hata kwa muda ulioongezwa. Na hata lingekuwa zima, umeona lilivyogombana na dawa ya shemeji yako. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na huwezi kumjua mwenye figo dhaifu kwa kumtazama. Usilitupe jaani wala chooni. Lipeleke kwenye duka la dawa la hospitali kubwa ya serikali iliyo karibu, uwaambie unarudisha dawa iliyoisha muda ili iteketezwe. Watalipokea.

Babako naye ana sukari au presha? Kama ndiyo, niandikie dawa anazotumia, nitakuambia za kuangalia.

Bi Mkubwa wa Tanga

Binti, Mungu akuzidishie. Hilo la "siku ile ya Jumatano" limenigusa. Sisi siku zetu nne za mwanzo zote zilikwenda kwenye nyungu, kwa sababu hatukuwa na kingine cha kushika. Nilikuwa nikijilaumu kwamba nilimchelewesha.

Dirisha la Dawa (Siaya)

Mama, hukumchelewesha. Ulimshughulikia kwa ulichokuwa nacho.

Mwana wa Kibokoni (Mombasa)

Baba ana presha tu, namshukuru Mungu. Anatumia amlodipini na ile ya mafuta, nadhani ndiyo simvastatini uliyoitaja. Nitapiga picha vikopo nikutumie.

Boksi nimelipeleka leo asubuhi. Nilidhani watanishangaa. Dada aliyekuwa dirishani alilifungua, akazitoa kadi tano mezani, akahesabu tembe moja moja kwa ncha ya kalamu, za waridi ishirini na nyeupe kumi. Akaniuliza ni za nani. Nikamwambia, za mamangu. Akaandika thelathini kwenye daftari lake, akaandika na jina la mama, akanipa kalamu nitie saini.

Nikitafuta shati kesho sitaliona.